Kalori hailiwi: maana ya kipimo tunachokitaja kila siku

Mwanafunzi anafundishwa darasani kwamba kalori moja ni joto linalotosha kupandisha gramu moja ya maji kwa nyuzijoto moja ya Selsiasi. Anaandika, anakariri, anafaulu mtihani. Jioni anageuza pakiti ya biskuti na kusoma: kalori 150. Akishika fasili yake ya darasani, biskuti hizo zinaweza kupasha gramu 150 za maji, chini ya glasi moja, kwa nyuzijoto moja tu. Ukitumbukiza kidole hutasikia tofauti. Sasa mtu ataishije kwa joto dogo kiasi hicho? Na kama ni dogo hivyo, kwa nini watu wanaziogopa biskuti?

Hesabu ya mwanafunzi haina kosa. Kilichomponza ni neno. Kuna kalori mbili: ndogo, ya gramu moja ya maji, na kubwa, ya kilo moja ya maji. Kubwa ni sawa na ndogo 1,000, na jina lake kamili ni kilokalori, linalofupishwa kcal. Katika lishe, kwenye pakiti, kwenye mashine za mazoezi na midomoni mwa watu, panaposemwa "kalori" hukusudiwa kilokalori. Tumezoea kukata maneno. Kwenye uzito tumeangusha gramu tukabaki na kilo. Kwenye chakula tumeangusha kilo tukabaki na kalori. Kwa hiyo biskuti zile zina kalori ndogo 150,000, na zingeweza kupasha kilo 150 za maji, mapipa kadhaa madogo, kwa nyuzijoto moja. Kuanzia hapa nikisema kalori nina maana ya ile kubwa, isipokuwa nikitaja vinginevyo.

Huo ni mkanganyiko mdogo, na dawa yake ni sentensi mbili. Mkubwa ni huu: tunaizungumzia kalori kana kwamba ni kitu. Tunasema chakula kimejaa kalori, soda ina kalori zilizojificha, fulani amekimbia akazichoma zote. Ukisikiliza utadhani chakula kikipitishwa kwenye chekeche laini sana, mwishoni zitabaki punje fulani zinazoitwa kalori. Hazipo. Kalori ni kipimo, kama kilomita. Safari inaweza kuwa ya kilomita 40, lakini hakuna aliyewahi kuiokota kilomita barabarani. Unachokula ni sukari, wanga, mafuta, protini, maji, chumvi. Kalori ni namba inayosema vitu hivyo vinaweza kutoa nishati kiasi gani.

Na nishati ni nini? Hapa Kiswahili cha kila siku kinatukorofisha kidogo, kwa sababu neno "nguvu" limebebeshwa mizigo yote: kuna chakula cha nguvu, kinywaji cha kuongeza nguvu, mgonjwa aliyeishiwa nguvu. Nishati ni neno la kitaalamu lenye maana finyu zaidi: uwezo wa kufanya kazi, kazi kwa maana ya kuinua, kusukuma, kupasha, kuangaza. Nishati inaweza kubadili sura, kutoka umeme kuwa mwanga, kutoka kuni kuwa moto, kutoka chakula kuwa mwendo, lakini haizaliwi wala haipotei. Joto ni sura mojawapo. Halijoto ni jambo jingine: ni kiwango cha ukali wa joto. Sindano iliyowekwa motoni hadi ikawa nyekundu ina halijoto kubwa kuliko ndoo ya maji ya vuguvugu, ila ukiitupa sindano hiyo kwenye ndoo nyingine ya maji baridi hakuna kitakachobadilika, ilhali ukimimina ile ndoo ya vuguvugu maji yote yatapata uvuguvugu. Ndoo ina joto jingi, sindano ina joto kali. Kalori huhesabu wingi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kikombe cha chai. Chukua mililita 200 za maji yenye nyuzijoto 20. Ili yachemke unahitaji kuyapandisha nyuzijoto 80. Kilo 0.2 mara 80 ni kalori 16. Sasa chukua kijiko kimoja cha chai cha sukari, gramu 4. Kila gramu ya sukari hutoa takriban kalori 4. Jumla ni kalori 16. Yaani kijiko cha sukari unachokoroga kikombeni kina nishati inayotosha kuyachemsha maji ya kikombe hichohicho. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu, nikidhani nimeteleza mahali. Sikuteleza. Chakula kimebeba nishati nyingi ajabu, na sisi hatuoni kwa sababu mwili huitumia polepole, bila mwali wala moshi.

Peleka kijiko hichohicho kwenye ngazi. Mtu wa kilo 70 akipanda mita moja kwenda juu, anafanya kazi ya takriban jouli 690. (Jouli ndicho kipimo rasmi cha nishati duniani, kalori moja kubwa ni jouli 4,184.) Misuli ya binadamu hugeuza kuwa kazi takriban robo tu ya nishati inayoitumia, robo tatu hutoka kama joto, ndiyo maana ukipanda ngazi unapata joto. Ukizipiga hesabu zote hizo, kijiko kimoja cha sukari kinakupandisha mita 24 hivi, karibu ghorofa nane. Kwa anayeziogopa kalori, kupanda ghorofa nane ili kumaliza kijiko kimoja ni habari ya kukatisha tamaa. Mimi naiona kinyume: mwili huu ni mashine yenye ubahili wa kupendeza.

Ubahili huo unaonekana hata ukiwa umekaa. Mtu mzima anayetumia kalori 2,000 kwa siku, ukizigawa kwa sekunde 86,400 za siku nzima, anatumia nishati kwa kasi ya wati 97. Hiyo ni balbu moja ya kizamani ya wati 100. Kwa lugha ya mita ya umeme, siku nzima ya kuwaza, kutembea, kuongea, kusaga chakula na kudundisha moyo inagharimu uniti 2.3. Watu 50 wakifungiwa kwenye ukumbi wanatoa joto kama balbu 50 za namna hiyo, na ndiyo sababu ukumbi uliojaa huwa tanuri hata kama hakuna anayecheza.

Jambo jingine ambalo kalori haisemi ni mwendo wa kutoka kwa nishati. Katika kupima milipuko, gramu moja ya baruti ya TNT huhesabiwa kuwa hutoa kalori kubwa moja. Sukari hutoa nne. Ndiyo, gramu kwa gramu sukari ina nishati mara nne ya baruti hiyo. Tofauti ni kwamba baruti humwaga yake yote kwa kufumba na kufumbua, na sukari huitoa kwa saa kadhaa, kidogokidogo, ndani ya chembe hai za mwili. Anayekuambia kwamba chakula fulani "kinalipuka kwa nishati" hajui jinsi alivyokosea, wala jinsi alivyokaribia ukweli.

Mzimu wa kaloriki

Kosa la kuichukulia kalori kama kitu lina ukoo wa kuheshimika. Mwishoni mwa karne ya 18 wanasayansi wengi waliamini kwamba joto lenyewe ni kitu: kimiminika kisichoonekana, kisicho na uzito, kinachopenya ndani ya vitu vikapata moto na kutoka vikapoa. Antoine Lavoisier, mkemia mkubwa wa Ufaransa, alikiita kaloriki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya joto, na mwaka 1789 akakiweka kwenye orodha yake ya elementi pamoja na oksijeni na haidrojeni.

Lavoisier huyohuyo, akiwa na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace, alikuwa amefanya jaribio lililofungua mlango wa mambo yote tunayoyazungumza hapa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783 walimweka simbilisi, yule mnyama mdogo wa jamii ya panya, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka kwa joto la mwili wake. Kisha wakachoma makaa ndani ya chombo hicho wakalinganisha barafu iliyoyeyuka na hewa ya ukaa iliyotoka. Hesabu zilikaribiana. Lavoisier akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Alikuwa sahihi kuhusu mnyama, akawa amekosea kuhusu kaloriki, na yote mawili aliyasema kwa uhakika uleule.

Kaloriki ilianza kuyumba mwaka 1798, pale Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alipoeleza alichokiona mizinga ya vita ikitobolewa mjini Munich. Metali ilitoa joto muda wote ilipokuwa ikikerezwa, bila kuisha. Kama joto ni kimiminika kilichohifadhiwa ndani ya metali, mbona hakikauki? Katika miaka ya 1840, Julius Robert Mayer nchini Ujerumani na James Joule nchini Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kazi na joto ni sarafu ya aina moja. Joule aliuacha uzito ushuke ukizungusha makasia ndani ya maji, maji yakapata joto, naye akapima ni kazi kiasi gani imezaa joto kiasi gani. Kaloriki ikafa. Jina lake likabaki ndani ya neno kalori, na ninashuku mzimu wake nao ulibaki, kwa sababu kila nikisikia mtu akizungumzia kalori "zilizogandamana tumboni" nausikia ukinong'ona.

Neno lenyewe alilitumia Nicolas Clément, mwalimu wa kemia mjini Paris, katika mihadhara yake ya kati ya 1819 na 1824 kuhusu joto na injini za mvuke. Kalori yake ilikuwa ya kilo ya maji. Hivyo ile tunayoiita kubwa ndiyo iliyotangulia kuzaliwa. Ndogo ilikuja baadaye, wakemia Favre na Silbermann walipoitumia mwaka 1852 kwa sababu kazi zao za maabara zilihusu vitu vya gramu chache. Mwaka 1879 mkemia Mfaransa Marcellin Berthelot akapendekeza suluhu: kubwa iandikwe kwa herufi kubwa, ndogo kwa herufi ndogo. Ni suluhu mbovu kuliko zote ninazozijua. Herufi kubwa haisikiki mtu anapozungumza, na neno likianza sentensi hujui ni ipi.

Wanajuaje?

Namba ya kalori kwenye pakiti inatoka wapi? Njia ya msingi ni kuchoma. Chakula hukaushwa, huwekwa ndani ya chombo imara cha chuma kilichojazwa oksijeni, na chombo hicho hutumbukizwa kwenye maji. Cheche ya umeme inawasha, chakula kinaungua chote, maji yanapata joto, nawe unasoma kipimajoto. Chombo hiki huitwa kalorimita ya bomu, na aliyekibuni ni Berthelot yuleyule wa herufi kubwa. Hapa alifaulu zaidi. Kikichomwa humo, gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9.4 hivi, ya protini 5.65, ya wanga kama 4.1.

Kwa nini mafuta yanawashinda wenzake kwa mbali? Kuungua ni kuungana na oksijeni. Zaidi ya nusu ya uzito wa glukosi, ile sukari inayoujenga wanga, tayari ni oksijeni, kama kuni iliyokwisha kuungua upande mmoja. Mafuta yana oksijeni kidogo sana, hivyo karibu yote bado ni ya kuungua. Ukiufuata mtindo huohuo wa kufikiri utaelewa pia kwa nini maji hayana kalori hata moja: maji ni haidrojeni iliyomaliza kuungua. Ni majivu yake.

Lakini mwili si bomu la chuma. Petroli ikichomwa gramu moja hutoa kalori kama 11, na bado huwezi kuishi kwa petroli. Karatasi ikiungua hutoa joto linalokaribiana na la wanga, kwa kuwa selulosi ya karatasi na wanga wa chakula vyote vimejengwa kwa glukosi. Ila binadamu hana vimeng'enya vya kuivunja selulosi. Ng'ombe hula majani akanenepa kwa msaada wa bakteria walio tumboni mwake. Kwa hiyo swali la lishe si "chakula hiki kina kalori ngapi" tu, ni "kina ngapi kwa nani".

Aliyelishughulikia swali hilo kwa uvumilivu wa kupindukia ni Mmarekani Wilbur Olin Atwater, profesa wa kemia katika chuo cha Wesleyan, jimbo la Connecticut. Alichoma vyakula, akachoma pia kinyesi cha waliovila, akapima mkojo, akatoa kilichopotea kwenye kilichoingia. Katika miaka ya 1890, yeye na mwanafizikia Edward Rosa walijenga chumba kidogo ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa, akila, akilala, akiendesha baiskeli isiyokwenda popote, huku joto lake na hewa anayotoa vikipimwa. Nishati iliyoingia na iliyotoka zilikaribiana mno. Binadamu naye, ikathibitika, anatii kanuni zilezile zinazoitawala injini ya mvuke.

Kutokana na kazi hiyo tulipata namba zinazotumika hadi leo: wanga kalori 4 kwa gramu, protini 4, mafuta 9, pombe ni 7. Protini imeshuka kutoka 5.65 hadi 4 kwa sababu mwili hauimalizi kuichoma. Sehemu yenye nitrojeni hugeuzwa kuwa urea na kutolewa kwenye mkojo ikiwa bado na nishati ndani yake. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: pakiti nyingi leo hazitokani na kuchoma chochote. Mtengenezaji huchukua gramu za wanga, protini na mafuta, huzidisha kwa 4, 4 na 9, hujumlisha, huchapisha.

Namba hizo ni wastani, na wastani hupotosha pembeni. Mwaka 2012 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliwalisha watu lozi, wakapima kilichoingia na kilichotoka. Gramu 28 za lozi, ambazo kwa kanuni ya Atwater zilipaswa kutoa takriban kalori 170, ziliupa mwili 129. Zilizobaki zilipita zikiwa zimefungiwa ndani ya kuta za chembe za lozi ambazo meno hayakuzipasua. Ukizisaga lozi hizohizo ukazifanya unga laini, sehemu kubwa ya mafuta yaliyofungiwa hupatikana. Kupika hufanya kazi ya namna hiyo kwenye vyakula vingi: hulegeza kuta, hulainisha wanga, huupunguzia mwili kibarua. Moto wa jikoni hauongezi kalori kwenye chakula, unaongeza zile unazoweza kuzifikia.

Juu ya hayo kuna gharama ya kusaga chakula. Mwili hutumia nishati ili kupata nishati. Katika protini, kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori zake huishia kwenye kazi ya kuisaga na kuishughulikia. Kwenye wanga ni asilimia 5 hadi 10. Mafuta karibu yanaingia bure. Ndiyo maana ubishi wa "kalori ni kalori" huwa haumaliziki: pande zote mbili zina haki. Kama kipimo cha nishati, kalori ya sukari na kalori ya maharage ni sawa kabisa, kama kilomita ya lami na kilomita ya tope zilivyo sawa kwa urefu. Kuzitembea ni habari nyingine. Maharage yana nyuzinyuzi, yana protini, yanakaa tumboni, yanachelewesha njaa. Kipimo hakikuahidi kukuambia hayo.

Yanayosemwa mtaani

Maji baridi yanachoma mafuta. Hoja hii huja na hesabu, na hesabu ndiyo inayoifanya iaminike. Kunywa nusu lita ya maji ya nyuzijoto 5. Mwili utayapasha hadi 37. Gramu 500 mara 32 ni kalori 16,000! Mtu akiona 16,000 anakimbilia jokofu. Hizo ni kalori ndogo. Kwa kipimo cha pakiti ni 16, kile kijiko chetu kimoja cha sukari. Na hata hizo si lazima ziwe za ziada, maana mwili tayari unatoa joto ambalo vinginevyo ungelitupa hewani.

Jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Jasho ni maji na chumvi kidogo. Kazi yake ni kuondoa joto ambalo tayari limeshazalishwa. Anayekaa juani akiwa amejifunika plastiki atatoka jasho jingi na kuchoma karibu kile ambacho angechoma akiwa kivulini. Mizani itashuka, atakunywa maji, itapanda.

Kuna dhana ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Hapa ndipo neno nguvu linapotugharimu. Kafeini haina nishati ya maana. Kahawa nyeusi isiyo na sukari ina kalori kama mbili kwa kikombe. Inachofanya ni kuziba mlango ambao ubongo hupokelea taarifa ya uchovu. Kujisikia una nguvu na kuwa na nishati ni mambo mawili. Kinyume chake pia ni kweli: mtu mwenye kilo nyingi za mafuta mwilini ana akiba kubwa ya nishati na anaweza kabisa kujisikia hoi.

"Kalori sifuri" nayo inahitaji kusomwa kwa jicho la pili. Marekani, chakula chenye kalori chini ya 5 kwa kipimo kimoja cha kula kinaruhusiwa kuandikwa sifuri. Aspateme, tamu bandia inayojulikana sana, ina kalori 4 kwa gramu sawasawa na sukari. Siri ni kwamba utamu wake ni karibu mara 200, kwa hiyo huwekwa chembe tu. Sifuri hii basi ni sifuri ya kisheria. Kwa matumizi ya kawaida haina madhara kwenye hesabu zako, ila "kipimo kimoja" kinaweza kuwa kidogo kuliko mkono wako unavyomimina.

Mashine za mazoezi zinazotangaza "umechoma kalori 412" zinastahili tabasamu. Hazijapima joto lako wala pumzi yako. Zinakadiria kwa uzito, mwendo na muda, na ile tarakimu ya mwisho ni pambo. Kanuni ya kukumbuka ni nyepesi zaidi: kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 70, kilomita 5, kalori 350. Uende mbio au uende taratibu ukikimbia, tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani.

Kwa watu wasio na kazi za sulubu, sehemu kubwa ya matumizi haiendi kwenye mazoezi. Asilimia 60 hadi 70 huenda kwenye kuishi tu: moyo, ini, figo, misuli ikiwa imetulia, ubongo. Ubongo peke yake, wenye asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, hula kama asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika, na haupunguzi sana hata ukiwa huwazi lolote. Wala hauongezi sana unapofanya mtihani mgumu, samahani kwa waliotegemea.

Uzito unakwenda wapi?

Kilo moja ya mafuta ya mwilini inahifadhi takriban kalori 7,700, karibu siku nne za matumizi ya kalori 2,000. Ukiijua namba hiyo utaona kwa nini kilo tatu "zilizotoweka" katika wiki ya kwanza ya kujinyima haziwezi kuwa mafuta matupu: zingehitaji upungufu wa kalori 23,100 kwa siku saba. Sehemu kubwa ni maji. Mwili huhifadhi glukosi katika sura iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hukaa na kama gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikitumika, maji yake huondoka. Akiba ikirudi, nayo yanarudi, na mtu hulaumu kipande kimoja cha keki.

Mafuta yenyewe yanapotumika huenda wapi? Wengi, pamoja na wataalamu, husema hugeuka kuwa nishati. Haiwezekani, mwili hauna uwezo wa kugeuza uzito kuwa nishati, na tungeshukuru kwamba hauna. Kila atomu iliyoingia inatoka. Kilo 10 za mafuta zikichomwa kikamilifu mwilini, kilo 8.4 kati yake hutoka zikiwa ndani ya hewa ya ukaa na kilo 1.6 zikiwa ndani ya maji. Mapafu ndiyo njia kuu ya kutolea mafuta. Kalori ni ile tofauti tu iliyobaki kati ya hali ya mwanzo na ya mwisho, iliyotumika kusukuma damu na kuinua miguu, kisha ikapotelea hewani kama joto. Kupumua kwa kasi ukiwa umekaa hakuongezi kitu, maana hewa ya ukaa hutoka kwa kadiri ilivyozalishwa.

Imebaki ile safu ya pili kwenye pakiti, yenye herufi kJ, inayowatisha watu kwa ukubwa wake. Ni kilojouli. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ulipendekeza jouli iwe kipimo cha joto, na kisayansi kalori ikawa imestaafishwa. Nchi za Umoja wa Ulaya huandika zote mbili. Australia hutanguliza kilojouli. Pakiti inayosema 880 kJ na 210 kcal inasema jambo lilelile mara mbili: gawanya namba ya kJ kwa 4.2 upate ya kcal. Kabla ya kugawanya, angalia juu ya safu hizo pameandikwa kwa gramu 100, kwa kipande, au kwa pakiti nzima.